Jani la Embu, usingizi wetu na wale wanaotaka kuishi milele

Haupiti mwezi siku hizi bila kusikia habari ya tajiri fulani wa Marekani anayemwaga mamilioni ya dola ili asizeeke. Mwingine amefungua kampuni ya kupachika kidude cha kompyuta ndani ya ubongo wa mtu. Wapo pia waliolipia kabisa miili yao igandishwe wakishakufa, wakitumaini kwamba madaktari wa karne zijazo watawarudishia uhai. Vijana wa baraza letu huzicheka habari hizi na kuziita wazimu wa wazungu.

Mimi nasema tusicheke mapema. Jaribio la kumpa binadamu nguvu kuliko alizoumbwa nazo linafanyika hapa petu Pwani kila usiku, na kinachotumika hakitoki California. Kinatoka Meru na Embu, miraa ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba na muguka umejazwa kwenye magunia.

Katika makala haya nataka kueleza fikra hiyo ya kuuvuka mwili ni nini, imetoka wapi, na jani la Embu linatufundisha nini juu yake. Mimi si daktari. Stashahada yangu ni ya maendeleo ya jamii. Lakini jambo hili limeingia majumbani mwetu, na ni vyema tulijue kwa kina kabla ya kulitetea au kulilaani.

Fikra yenyewe

Jina lake ni transhumanisimu. Ni imani kwamba binadamu hana haja ya kuridhika na mwili aliozaliwa nao, bali atumie dawa, mashine na elimu ya jeni ili awe na nguvu zaidi, akili zaidi na umri mrefu zaidi. Aliyelieneza neno hilo ni Julian Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, katika insha yake ya mwaka 1957. Huxley si mgeni kwetu. Mwaka 1929 alizunguka Afrika Mashariki kwa kazi ya ushauri wa elimu, akaandika kitabu juu ya safari hiyo, na mwaka 1946 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO.

Mwaka 1998 wanafalsafa Nick Bostrom na David Pearce walianzisha chama cha kimataifa cha fikra hii. Kutoka hapo mambo yamekwenda mbio. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ya Elon Musk ilipachika kidude chake cha kwanza katika ubongo wa kijana wa Marekani aliyepooza, akaweza kusogeza mshale wa kompyuta kwa kuwaza tu. Huko Arizona, taasisi ya Alcor inahifadhi maiti ndani ya nitrojeni ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri.

Kuna upande wa pili wa historia hii ambao hautajwi sana. Huxley huyo huyo alikuwa kiongozi katika harakati za kutaka kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Fikra hizo zilifika Kenya. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari za watu, na daktari aliyekuwa kinara wao alikuwa akipima vichwa vya Waafrika ili athibitishe kwamba akili zetu ni pungufu. Kwa hivyo mtu akikuambia anataka kumboresha binadamu, una haki ya kumuuliza anamboresha binadamu yupi, na kwa faida ya nani.

Kukarabati na kuongeza

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kuukarabati mwili uliopungukiwa, na kuna kuuongeza mwili uliokamilika.

Kukarabati hakuna utata mkubwa, hata katika dini yetu. Wasomaji wengi wanaijua habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alijitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamruhusu atumie ya dhahabu. Huyo alikuwa na kiungo cha bandia karne 14 zilizopita. Bibi wa Kwale aliyeondolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya plastiki naye anatembea na kifaa ndani ya mwili wake. Lenzi kama hiyo iliwekwa kwa mara ya kwanza na daktari Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Mgonjwa wa figo wa Embu au Meru anayelala saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, kisha akarudi tena wiki hiyo hiyo, anatumia figo iliyo nje ya mwili. Hawa wote wanarudishiwa walichokuwa nacho.

Kuongeza ni jambo jingine. Ni kumchukua mtu mzima asiye na ugonjwa na kumfanya asichoke, asisinzie, asione njaa. Huko ndiko transhumanisimu inakotaka kutupeleka. Na huko ndiko muguka ulikokwisha kutufikisha.

Kilichomo ndani ya jani

Miraa na muguka ni ndugu, aina mbili za mti mmoja ambao wataalamu huuita Catha edulis. Miraa, tunayoiita pia mirungi au gomba, hutoka zaidi Igembe na Tigania katika kaunti ya Meru, na huliwa maganda ya vijiti vyake vichanga. Muguka hutoka Mbeere, upande mkavu wa Embu, na huliwa majani na ncha laini. Muguka ni rahisi kwa bei, na ndiyo sababu umeshika maskani za Pwani.

Kinachofanya kazi ndani yake ni kemikali iitwayo kathinoni. Wanasayansi wa maabara ya Umoja wa Mataifa waliitenga mwaka 1975, wakagundua kwamba umbo lake linakaribiana mno na amfetamini, dawa ya kuchangamsha inayotengenezwa viwandani. Ikifika kwenye ubongo, kathinoni husukuma utoaji wa dopamini, kemikali inayotupa hamu na furaha ya kufanikiwa. Moyo hupiga haraka, shinikizo la damu hupanda, njaa hupotea, maneno huwa mengi na usingizi hukimbia. Hiyo ndiyo handasi ambayo walaji huisifu.

Kathinoni haidumu. Jani likianza kukauka hugeuka kuwa kemikali nyingine dhaifu zaidi, na baada ya siku mbili hivi mteja huona kama anatafuna nyasi. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba yenye unyevu, na ndiyo maana magari ya miraa hukimbia kama yanayofukuzwa na moto. Kutoka Embu mpaka Mombasa ni takriban kilomita 600, na mzigo uliovunwa mchana unapaswa uwe mjini asubuhi.

Amfetamini yenyewe ina historia ya kijeshi. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa Ujerumani walipewa vidonge vya Pervitin, vilivyotengenezwa kwa dawa ya jamii hiyo hiyo, na wa Uingereza na Marekani wakapewa Benzedrine, ili waendelee kupigana bila kulala. Aprili 2002, huko Afghanistan, rubani wa Marekani aliwaangushia bomu wanajeshi wa Kanada waliokuwa upande wake, wakafa 4. Mawakili walipomtetea walitaja vidonge vya amfetamini ambavyo jeshi liliwapa marubani. Basi kumwongeza binadamu kwa kemikali ni jambo ambalo majeshi makubwa yamelijaribu kabla ya maskani zetu.

Nilichokiona Igembe na Mbeere

Nimewahi kufika Maua na nimewahi kufika Kiritiri, na ningependa kila mtu wa Pwani anayetaka kuzungumzia jambo hili afike huko angalau mara moja.

Igembe utakuta miti ya miraa iliyopinda na kukakamaa kwa uzee, mingine ikiwa imepandwa na mababu wa wanaoivuna leo. Mti unaishi kuliko mpandaji. Wazee walinieleza kwamba zamani miraa ilikuwa na adabu zake. Ilikuwa ya wazee wa Njuri Ncheke wanapokaa kuamua kesi, ilipelekwa ukweni posa inapofungwa, na kijana hakuitafuna mbele ya baba yake. Mwili uliruhusiwa kukesha kwa sababu maalum, kisha ukarudi kupumzika.

Mbeere mambo ni tofauti kidogo. Ardhi ni kavu, mvua ni ya kubahatisha, mahindi hukauka mara kwa mara. Muguka unastahimili, na hauchukui msimu mzima kumlipa mkulima kama kahawa ya Embu ya juu; huchumwa, ukachipuka, ukachumwa tena. Nilikaa na mama mmoja mjane ambaye watoto wake wanne wamesoma kwa shamba lisilofika ekari mbili. Yeye mwenyewe hali muguka, na hana habari na tuktuk za Likoni. Ukimwambia jani lake linawaua vijana wa Pwani atakuuliza kwa utaratibu kabisa umemletea mmea gani mbadala. Sikuwa na jibu la kumpa, na sijasikia kiongozi wetu yeyote aliye nalo.

Nayaeleza haya kwa sababu ugomvi wa 2024 uliwafanya watu wa Pwani na wa Embu watazamane kama maadui. Mei mwaka huo, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia muguka katika kaunti yake. Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata. Gavana wa Embu Cecily Mbarire akapinga vikali. Rais William Ruto, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, alisema marufuku hayo ni batili, kwa kuwa mmea huo unatambuliwa na sheria ya mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikayasimamisha kwa muda. Uholanzi ilikuwa imepiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Sisi tukabaki tunavutana.

Katika mvutano wote ule, swali moja halikuulizwa vya kutosha: kwa nini kijana wa Pwani anaununua?

Nani anakesha, na kwa nini

Jibu jepesi ni uvivu. Wanaosema hivyo huwatazama vijana wa maskani wasio na kazi, ambao ni kweli wapo, na kwao jani ni la kuuzuga mchana mrefu. Lakini zunguka mjini saa nane za usiku uone nani mwingine ana shavu lililotuna. Dereva wa trela aliyepakia bandarini na anayetakiwa kufika Malaba kwa muda aliopangiwa. Kijana wa tuktuk asiye na chombo chake, anayemlipa mwenye mali kwanza kila siku kabla ya kupata cha kupeleka nyumbani. Mlinzi wa usiku anayefanya kibarua kingine mchana. Hao si wavivu. Wanakula muguka ili wafanye kazi zaidi ya uwezo wa mwili.

Na mwili hautoi kitu bure. Kadiri tunavyokuwa macho, ubongo hujaza kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hutuletea uzito wa usingizi. Jani haliiondoi. Linapiga kelele tu ili usiusikie uchovu wako. Siku ya pili au ya tatu deni linadaiwa, tena lina riba: mtu anakuwa mkali kwa mkewe, tumbo linafunga, hamu ya chakula inapotea, moyo unachoka, na wengine huanza kusikia sauti au kuwashuku jamaa zao. Wapo wanaolitibu deni hilo kwa vidonge vya usingizi au pombe, na hapo mtu huwa ameingia shimo la pili ili atoke la kwanza. Shirika la Afya Duniani liliiweka miraa mwaka 1980 katika orodha ya vitu vinavyoweza kumfanya mtu mtegemezi, japo si kwa ukali wa tumbaku au pombe. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Mtu ataniuliza, na kahawa je? Ni swali la haki. Kahawa chungu ya mabaraza yetu nayo ni ya kumwongeza mtu macho. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, na mwaka 1511 gavana wa Makka aliipiga marufuku kabla ya amri hiyo kutenguliwa. Juu ya qat yenyewe, maulamaa walitofautiana tangu zamani. Ibn Hajar al-Haytami aliiandikia risala katika karne ya 16, akaelekea kwenye tahadhari. Mimi naona tofauti iko katika ukubwa wa deni. Kikombe cha kahawa baada ya alasiri hukopa kidogo na mtu hulala usiku wake. Anayetafuna kutoka magharibi mpaka alfajiri siku sita kwa wiki amekopa asichoweza kulipa.

Wanaonunua usingizi na wanaouuza

Sasa turudi kwa wale matajiri. Anayejulikana zaidi kwa kutafuta kutokufa ni Bryan Johnson, aliyeuza kampuni yake ya malipo ya mtandaoni na sasa anatumia mali yake kujipima kila kiungo. Ana madaktari, ana vidonge vingi, aliwahi hata kujaribu kutiwa utegili wa damu ya mwanawe, kisha akasema haukumfaa. Lakini ukimsikiliza kitu anachokitanguliza mbele ya vyote, utashangaa. Ni usingizi. Hulala saa mbili na nusu usiku, kila siku, na hakubali mtu amvurugie.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Mtu mwenye uwezo wa kununua teknolojia yoyote duniani ameona dawa bora ya kurefusha umri ni kulala mapema. Kijana wetu wa tuktuk ana kitu hicho hicho kwa bure, na anakiuza kila usiku ili amalize hesabu ya mwenye chombo. Teknolojia ya mwenye nacho ni ya kumwongezea miaka. Ya asiye nacho ni ya kumwongezea saa za kazi, na saa hizo zinatolewa katika miaka yake mwenyewe.

Ndiyo maana naliona jani la Embu kuwa somo bora kuliko vitabu vya Bostrom. Vidude vya ubongo vitashuka bei, kama simu zilivyoshuka. Vidonge vya kuongeza umakini, kama modafinili wanayopewa marubani, vitafika madukani. Vikifika, natamani tuviulize maswali matatu ambayo muguka ulitukuta hatujajiandaa kuyauliza.

La kwanza, deni la mwili analipa nani? Kama ni yule yule anayetumia, na halipi mtu mwingine, tuhesabu kwanza kabla ya kusifu.

La pili, faida inakwenda wapi? Mwenye trela anapata safari ya ziada, mwenye tuktuk anapata hesabu yake, mjane wa Mbeere anapata karo. Mwenye mwili uliokesha amepata kifurushi kingine cha kesho.

La tatu ndilo zito. Je, naweza kukataa? Dereva mmoja akianza kwenda Malaba bila kulala, tajiri atamtaka na wa pili afanye hivyo. Kilichoanza kama hiari ya mmoja kimekuwa sharti la wote, na asiyetafuna anaonekana mzembe. Kazini kukiletwa kidude cha kuongeza umakini itakuwa vivyo hivyo. Mwenye kukikataa kwa sababu ya afya au imani yake ataambiwa nafasi imejaa.

Marufuku ya magavana yalilenga jani peke yake. Mimi naomba pia tuzungumze juu ya saa za kazi. Kuwe na mipaka ya usiku kwa madereva wa masafa marefu inayofuatwa barabarani, na vyama vya tuktuk vikubaliane na wenye vyombo juu ya hesabu ambayo mtu anaweza kuimaliza na bado akalala. Kaunti za Pwani zikae na Embu na Meru kuhusu mazao mbadala, badala ya kurushiana maneno kwenye televisheni. Na aliyekwisha kunaswa apelekwe hospitali ya kaunti kama mgonjwa. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asisubiri hata wiki.

Umri wa Mkenya wa kawaida ulishuka miaka ya 1990 kwa sababu ya Ukimwi, kisha ukapanda tena dawa za kupunguza makali ya virusi zilipowafikia watu, pamoja na chanjo, vyandarua na uzazi salama. Hakuna aliyegandishwa wala kupachikwa kidude. Tukitaka vijana wetu waishi miaka mingi, kazi iliyo mbele yetu inajulikana, na mojawapo ni kuhakikisha mtu aliyefanya kazi mchana kutwa anaweza kurudi nyumbani usiku akalala.